Kibanda cha kurusha nyimbo Buzuruga, jamaa ana biti za vogi na zinapiga safi kinoma

Madansa wa Mwanza mnajua tabu ya kutafuta ngoma ambazo redioni hazipigwi, bando linaisha halafu faili lenyewe bovu. Sasa pale Buzuruga karibu na stendi kuna jamaa anarusha nyimbo, huyu mziki wa bolrumu, yale mashindano ya dansi ya vogi, anaujua, sio wale wa kukuwekea haus yoyote wakakwambia ndo yenyewe.

Nilimwambia nataka za vogi akaniuliza, "za kizamani au zenye kreshi?" Yaani ule mlio wa kishindo kama sahani za ngoma zinagongwa. Nilifurahi. Maana zamani huko Harlem, New York, kwenye mashindano ya bolrumu walikuwa wanachezea disko na haus za kawaida, mwaka 1991 ndo maprodyuza Masters at Work wakatoa wimbo wa The Ha Dance, na ile "ha" yenye kishindo chake ikawa msingi wa kila kitu, maprodyuza kina Vjuan Allure na MikeQ wa New Jersey wakaichukua wakaijenga upya. Kreshi inagonga kwenye pigo la nne, inarudi tena pigo la nne, na hapohapo dansa anajitupa chini chali, mguu mmoja kaukunja mwingine kaunyoosha. Kreshi ikisikika kama mchanga unamwagwa, dansa hajui atue wapi.

Za huyu jamaa ni 320 kweli, yaani MP3 za kbps 320, ubora wa juu. Tumezipiga kwenye sabufa ya mazoezini Nyegezi, besi nzito lakini haiimezi kreshi, kila kimoja unakisikia peke yake. Halafu ana zisizo na sauti ya mtu, hizo ndo muhimu zaidi, kwenye bolrumu emsii anachana laivu huku anamwangalia anayecheza, na dogo mmoja wa kundi letu keshaanza kuchana kwa Kisukuma juu ya hizo biti, inakaa freshi sana aisee.

Kasoro ipo, nyimbo nyingi hazina majina, unakuta namba tu. Hilo linaniuma kwa sababu mziki huu una wenyewe, watu weusi na Walatino, wapenzi wa jinsia moja na matrans, wengi walikataliwa makwao wakaanzisha "nyumba" zao, yaani makundi yanayoishi kama familia, yenye mama na baba. Nimemwomba aandike majina ya maprodyuza, kakubali.

Bei buku tano na flashi ya GB 8 juu yake, ukija na yako buku tatu. Nendeni asubuhi, jioni foleni ya muvi ni ndefu, na flashi yenye virusi haigusi.