Gati la Amu: stesheni yetu ya majini, na namna ya kulikarabati bila kuuharibu mji

Lamu, au Amu kwa wenyeji, haina reli. Ile iliyomo kwenye LAPSSET, mpango wa bandari, barabara na reli za kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa mwaka 2012, bado haijajengwa, ingawa bandari mpya ya Kililana ilianza kupokea meli mwaka 2021. Stesheni ya msafiri wa kila siku ni ile ile ya zamani: Mokowe upande wa bara, gati la mji upande wa kisiwa.

Kwa huduma, vivuko hivi vinafaa. Mabasi ya kutoka Mombasa, yakipitia Malindi, Garsen na Witu, humalizia safari Mokowe. Hapo kuna boti kubwa ya abiria, ambayo hungoja ijae na huchukua kama nusu saa, na boti ya kasi, dakika kumi hivi kwa nauli kubwa zaidi. Patana kabla mzigo haujaingia botini; ukishaingia, huna tena nguvu ya kupatana. Jaketi la kuokolea livae na ufunge mikanda yote. La kukalia halimwokoi mtu.

Penye shida ni ngazi. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na siku hizo maji hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, kisha hujaa mnamo saa kumi. Maana yake ni kwamba saa nne ya asubuhi, watu wakiwa wengi, boti iko chini kabisa na abiria hupanda vidato ambavyo muda mfupi uliopita vilikuwa chini ya maji, vyenye mwani. Kanyaga katikati ya kidato, usikanyage ukingoni, na mkono mmoja uwe mtupu. Mwenye mtoto au mzigo mzito apange kuvuka alasiri, au angoje siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala kushuka sana.

Ndiyo sababu ukarabati wowote uanzie hapo, si kwenye paa wala rangi. Dawa ni gati la kuelea, linalopanda na kushuka na maji, likiunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba. Hesabu yake ni nyepesi: tofauti ya mita 3, kwa mteremko wa 1 kwa 12 ambao kiti cha magurudumu huumudu, inataka daraja la mita 36. Likifupishwa hadi mita 12 ili kuokoa fedha, maji yakipwa litakuwa mlima, na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya King Fahd ataendelea kubebwa mabegani. Nguzo za kulishikilia nazo zipite kimo cha bamvua kubwa kabisa, la sivyo gati litachomoka.

Zege la baharini huharibikia pale panapolowa na kukauka kila siku. Chumvi hupenya, chuma hupata kutu, kutu huvimba, zege hupasuka. Chuma kifunikwe kwa angalau milimita 50 za zege, na mchanga wa pwani usitumike kabisa.

Nyuma ya gati kuna jambo la pili, na hapa ndipo tunapohofia zaidi. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo iko ndani ya mji, kwa kuwa ufuko ulijazwa udongo. Majengo ya mbele yamekaa juu ya kifusi hicho. Mtambo mzito wa kupigilia nguzo ukitikisa ardhi, kuta za matumbawe zitapata nyufa. Nguzo zichimbiwe, zisigongwe. Na nyufa za zamani zisizibwe kwa saruji: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, plasta ikabanduka na vichwa vya boriti vikaoza. Chokaa hupumua. Hukauka polepole, kwa hiyo fundi hupaka tabaka nyembamba, akilinyunyizia maji na kulikinga na jua kabla ya kupaka jingine.

Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, na Makumbusho ya Taifa yanapaswa kuona michoro mapema, kabla ya zabuni. Michoro hiyo itenganishe njia ya abiria na ya mizigo. Hamali mwenye mifuko ya saruji, punda na mama mwenye mtoto hawawezi kugombania ngazi moja. Upana wa mita 2 kwa kila njia, na taa zinazomulika vidato badala ya kumulika macho ya nahodha.