Shujaa msafi au mama muuza zabibu?

Nina drafti mbili za stori fupi ileile. Ya kwanza iko "mji fulani", kijana mpole, hakosei kitu, anaokota pochi anairudisha basi anapewa kazi, yaani mimi mwenyewe nilisinzia nikiisoma. Ya pili nimeihamishia Soko la Majengo hapa Dodoma, mwezi wa nane, upepo unapiga vumbi mpaka zabibu kwenye beseni zinapauka, na muuzaji ni mama mmoja mcheshi ila zilizopondeka anazificha chini, juu anapanga zinazong'aa, halafu mtoto wa jirani akija na mia tano yake anamjazia mfuko bila kupima. Huyo namjua kabisa! Ya kwanza imenyooka zaidi kwa lugha, sawa, lakini niliyotuma ni ya pili.