Faiba ya OM3 kwenda kwenye NAS, mimi nimeikubali

Jamani hii faiba ya OM3 (aina ya kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga) tuliyovuta toka chumba cha seva chini mpaka NAS (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) iliyoko ghorofa ya juu kabisa, nimeikubali kweli. Kebo ya shaba mwisho mita 100, na ukitaka kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde kwa Cat6 (aina ya kebo ya shaba ya mtandao) unabaki na kama mita 55 tu, wakati OM3 kwa kasi hiyo hiyo inafika mita 300 na wala haisumbuliwi na nyaya za umeme zinazopita pembeni. Bakapu iliyokuwa inakesha sasa inaisha mapema. Ila ncha za LC (plagi ndogo za mwisho wa faiba) zisafishe kabla ya kuchomeka, vumbi kidogo tu linki inakatikakatika, ilitutesa siku nzima. Na usiikunje kwenye kona. Diski zenyewe za NAS zikiwa na kasi ndogo lakini, faiba haikusaidii.