Dada wa madera sokoni Mwanga: nguo za mama mdogo wa kwenye mionzi

Kibanda hakina jina, kipo sokoni Mwanga hapa Kigoma upande wa wauza mabeseni, we uliza tu dada wa madera utaonyeshwa. Mama mdogo ana saratani ya shingo ya kizazi, kapangiwa mionzi mara 25 pale hospitali ya Bugando, Jumatatu mpaka Ijumaa, yaani wiki tano yuko Mwanza, na nesi alishatuambia mapema nguo za kubana aziache kabisa.

Nikachukua madera ya pamba matatu, elfu 15 moja, na chupi za pamba pana zilizozidi saizi yake. Hapo sina neno. Sasa hivi yuko wiki ya tatu, ngozi ya kwenye mikunjo ya mapaja imekuwa nyeusi inawasha, skintaiti aliyoibeba kwa ubishi iko begini anashinda na dera tu. Rangi ya madera inachuja, fueni kwanza. Dada ana cherehani hapohapo akanishonea mfuko bure kwenye kila dera, mnaweza kuona kitu kidogo ila pakiti za ORS zinakaa humo maana tumbo lilianza kuharisha wiki ya pili, na chupa ndogo ya maji pia, kwa sababu anatakiwa aingie kwenye mashine kibofu kimejaa basi anakunywa akiwa foleni.

Beseni la elfu 4 ndo limemuokoa, tishu zilikuwa zinamchubua, sasa anajitawaza kwa maji ya uvuguvugu halafu anajikausha kwa kugandamiza kanga kuukuu, hasugui, na zile alama alizochorwa ngozini za kulengea mionzi hazigusi.

Kilichoniudhi sasa. Nilivyosema ni vya mgonjwa wa mionzi, dada akaanza kunisukumia sabuni ya marashi, poda na kichupa cha kusafishia ukeni eti kinakata harufu. Jamani! Ngozi imeungua unaipaka manukato? Na huko ndani mgonjwa haingizi kitu chochote mpaka daktari aseme. Harufu au uchafu ukizidi, damu ikitoka, unawaambia hospitali, sio sokoni. Sabuni isiyo na harufu nikaitafutia duka lingine.

Nyota nne, ya tano kaila na kichupa chake. Ila keshokutwa narudi, mama mdogo kapiga simu anataka dera la nne lenye maua ya njano, na migebuka ya mawese, hiyo nimemwambia asubiri kwanza tumbo litulie.