Baiskeli ya kuegemea: pima miguu na barabara kabla ya kutoa hela

Baiskeli ya kuegemea huendeshwa umeegemea kiti chenye mgongo, pedali zikiwa mbele yako. Wengi huvutwa na kiti hicho. Ni kweli, ukiegemea namna hiyo viganja, shingo na makalio hupumzika. Lakini gia, upana na barabara unayopita kila siku ndivyo vitakavyoamua kama utaiendesha au itaozea stoo.

Kwenye tambarare na upepo wa mbele, kasi ipo. Mwaka 1933 mwendesha baiskeli Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya umbali wa saa moja kwa Vélocar, baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, na mwaka uliofuata UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ikaziondoa baiskeli hizi mashindanoni. Mlimani mambo hugeuka, kwa sababu huwezi kusimama juu ya pedali. Ya magurudumu mawili huyumba mwendo ukiwa mdogo sana, ilhali ya matatu hupanda polepole bila kuanguka. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza tunapendekeza ya matatu, mawili yakiwa mbele.

Anza na gurudumu la nyuma. Likiwa la inchi 20, na gia ya meno 30 mbele kwa 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza kama mita 1.3. Likiwa la inchi 26, ni kama mita 1.8, na kila kilima kitakukumbusha tofauti hiyo. Hakikisha ni inchi 20 ya 406 (kipenyo cha rimu kwa milimita), ambayo ndiyo saizi ya BMX na hupatikana kwa urahisi. Kuna 451 pia, nayo huitwa inchi 20, lakini tairi zake haziingii kwenye rimu ya 406. Ubaya wa gurudumu dogo ni kwamba mkono wa gia wa nyuma, unaohamisha mnyororo, huning'inia karibu na ardhi na kujaa tope.

Magurudumu matatu huacha mistari mitatu, kwa hiyo shimo ukilikwepa kwa moja utaliingia kwa jingine. Catrike 700, ya magurudumu matatu, haina shokapu; inafaa lami safi tu. Kwa barabara yenye viraka, Scorpion fs ya kampuni ya HP Velotechnik ya Ujerumani, nayo ya matatu, yenye shokapu mbele na nyuma, inastahili uzito wake wa ziada. Pima na mlango wa nyumba: baiskeli nyingi za matatu zina upana wa karibu sentimita 80.

Kupata saizi yako, kaa sakafuni umevaa viatu, mgongo na makalio yaguse ukuta, nyoosha miguu, pima kutoka ukutani hadi kwenye soli. Linganisha na jedwali la mtengenezaji. Bomba linaloshika pedali likisogezwa mbele, mara nyingi mnyororo huhitaji kuongezwa pingili. Nao una urefu wa karibu minyororo mitatu ya kawaida.

Ukinunua iliyotumika, pima nafasi kati ya rimu mbili za mbele, upande wa mbele na wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Vipimo vilingane, au cha mbele kipungue milimita 1 hadi 2. Vikipishana zaidi, tairi zitalika haraka sana. Tingisha kila gurudumu kusikiliza ulegevu wa usukani, kagua nyufa kwenye maungio ya fremu.

Na usiijaribu bila pedali za kunasa viatu au mikanda ya kisigino. Mguu ukiteleza ukagusa ardhi, fremu inaweza kuupanda kutoka nyuma na kuuvunja.