TAHADHARI: Zile dawa za kupunguza mwili "zinazotangazwa" na msanii wa bongo muvi, MSITUME HELA

Nyie mliokuwa mnaniuliza mbona nimenyamaza tangu ile kichen pati ya kwa wifi, na mbona lile gauni sikulivaa, haya leo naongea. Nimepigwa. Laki na nusu yangu wamekula washenzi wanaotumia sura ya msanii wetu kuuza vidonge vya kupunguza mwili. Huyo msanii simtaji hapa, yeye mwenyewe kaibiwa sura na sauti, na mashabiki wake midomo yao naijua.

Ilikuwa usiku, watoto wamelala, nipo zangu na simu, ikapita video. Kwa juu wameandika "tangazo" kwa vile vimaandishi vidogo, sasa nani huwa anavisoma vile? Ni yeye kabisa, kakaa kwenye sofa la kijivu, kavaa blauzi ya njano na hereni kubwa za duara, anaongea na ile namna yake ya kusema "mwenzangu" halafu anacheka kabla hajamaliza anachosema. Sauti yake! Tamthilia zake naziangalia tangu niko sekondari, ile sauti hata nikiwa jikoni naitambua. Anasema mwenzangu mimi nilipojifungua nilifika kilo 94, nguo haziingii, nikapata hivi vidonge vya mitishamba, mwezi mmoja tu kilo 18 zikaondoka, bila mazoezi, bila kujinyima ugali. Inakuja picha yake akiwa mnene, inakuja ya sasa. Na ndugu zangu, huyu dada KWELI alinenepa alipojifungua na KWELI kapungua, wote tuliona, sasa mimi wasiwasi ningeutoa wapi?

Nikaingia kwenye peji yao. Wafuasi kibao, kumenti zimejaa, "nimepungua asanteni", "mzigo umefika Mbeya", mtu kaweka mpaka picha ya tumbo lake. Kuna na daktari wa koti jeupe anaelezea mafuta yanavyoyeyuka. Nikawaandikia WhatsApp, papo hapo akajibu dada mmoja mwenye lugha tamu, "karibu mpenzi, una uzito gani, una presha, una vidonda vya tumbo, unanyonyesha?" Yaani ananihoji kama nesi wa kliniki! Akasema kama unanyonyesha subiri kwanza umwachishe mtoto ndo uje, nikamwambia sinyonyeshi, akasema basi sawa. Niambieni nyie, tapeli gani anakwambia subiri usinunue?

Na kilichonimaliza kabisa ni voisi. Alinitumia voisi ya "msanii mwenyewe", hallo mpenzi wangu, nimeambiwa umeipenda bidhaa yangu, karibu kwenye familia, na jina langu KALITAJA. Nikamsikilizisha jirani, anayebisha angebisha, naye akasema huyu ni yeye, kwanza akaomba namba na yeye aagize.

Chupa moja elfu themanini, mbili laki na thelathini, ofa mwisho saa sita usiku. Nikalipa kwa lipa namba, likatokea jina la mwanaume nisiyemjua, nikauliza, wakasema huyo ni mhasibu wa kampuni. Kesho yake kimya. Jioni wananiambia mzigo umeshikiliwa TMDA, unatakiwa stika ndo utoke, tuma elfu ishirini. TMDA jamani! Mtu akikutajia Mamlaka ya Dawa wewe unawaza nini, si unawaza afadhali hawa wanafuata taratibu? Nikatuma.

Mzigo ukaja na bodaboda ambaye hata hajui kabeba nini, kapewa tu stendi. Chupa nyeupe, lebo imebandikwa imepinda, Kiingereza kibovu, jina la kiwanda hakuna, namba ya toleo hakuna, tarehe ya kuisha imegongwa kwa muhuri ambao ukipitisha kidole kibichi wino unafutika. Baadaye nilikuja kuikwangua ile lebo kwa kucha, chini yake kuna lebo nyingine, ya vitamini za NYWELE. Mbwa hawa.

Njaa ilikata, hilo siwasingizii. Lakini mdomo ukawa mkavu muda wote, usiku nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri, moyo unadunda nausikia kwenye masikio. Zahanati wakanipima presha wakakuta 160 kwa 100, mimi ambaye presha naisikiaga kwa wenzangu. Daktari akasema kailete hiyo chupa, akaigeuza geuza akaguna. Akanieleza kwamba hizi zinazoitwa za mitishamba nyingi zikipimwa zinakutwa zimechanganywa na sibutramine, dawa ya kukata njaa ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye chupa yangu kuna nini hasa mpaka ipimwe maabara, ila vidonge niache siku hiyo hiyo. Yaani mtu yuko radhi nipooze niache wanangu, kisa laki na nusu!

Kuwaandikia wanirudishie hela, tiki moja. Wamenibloku, na picha ya profaili siioni tena.

Mtoto wa dada yangu, yule wa chuo, akakaa na ile video akaitafuta mpaka akapata ya asili. Ni mahojiano ya huyo msanii akiongelea tamthilia yake mpya, sofa lile lile, blauzi ile ile, hereni zile zile, dawa haitajwi hata mara moja. Wamechukua hiyo wakaweka sauti ya kutengeneza kwa akili mnemba na mdomo wakauchezea uendane na maneno. Akanionyesha anapotamka "p" na "b" midomo haifungi sawasawa. Haya, sasa kwenye simu yangu hii ya kioo kilichopasuka, usiku, midomo ningeionea wapi? Sauti ya mtu anasema wanaiiga kwa kipande kidogo tu, na huyu dada kaongea mtandaoni miaka yote. Jina langu walilisoma kwenye WhatsApp yangu mwenyewe. Huko Marekani Oprah Winfrey mwaka 2022 ilibidi ajirekodi kabisa kusema hahusiki na zile pipi za kupunguza uzito zilizokuwa zinauzwa kwa jina lake, na Tom Hanks naye 2024 alilalamika sura na sauti yake vinatangaza dawa za miujiza bila ruhusa yake. Wale wana mawakili wa kumwaga na bado wanachezewa.

Mimi nataka wafungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, sasa itumike kwa hawa, sio kila siku tunaambiwa "kuweni makini wananchi". Wakamatwe, waoneshwe kwenye TV na hayo makoti yao ya udaktari, wamezeshwe hivyo vidonge chupa nzima tuone moyo utadunda wa nani. Yule dada wa lugha tamu awe wa kwanza.

Mlioniuliza dalili: ukibonyeza maelezo ya peji inaonyesha majina yake ya zamani, hii ilikuwa inauza makava ya simu. Jina la msanii wameliongeza nukta, na kwenye peji yake ya kweli hakuna hata posti moja ya hizo dawa. Kumenti zote sifa tupu, nilipoandika ya kwangu ikafutwa hapo hapo. Dawa iliyosajiliwa utaikuta kwenye orodha ya TMDA, kwenye tovuti yao, na sio mteja anayelipia stika. Lipa namba yenye jina la mtu binafsi, kimbia. Kuna na mengine, ila nikiyakumbuka napandwa hasira upya, wangekuwa karibu hawa watu sijui.

Namba zao nimeshazituma 15040, na wewe ukitumiwa meseji ya hivyo zitume huko huko zifungiwe. Skrinshoti na ile voisi ninazo zote. Kama umeliwa na hawa hawa njoo inboksi na risiti zako za muamala, Jumatatu naenda polisi na sitaki kwenda peke yangu. Na jirani, ile oda yako kama hujalipa USILIPE, nimegonga kwako tangu asubuhi hufungui.