Honda Fit Hybrid ya mtumba: nilivyoikagua giaboksi kabla ya kulipa

Fit Hybrid ninayoiendesha hapa Malindi ni ya mwaka 2014, na nimeridhika nayo. Kwamba haili mafuta mshaambiwa na kila mtu. Mimi nataka kuzungumzia giaboksi, maana hapo ndipo mtu anapoweza kuzika akiba yake yote.

Fit ya kawaida ya toleo hili ina CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia. Hybrid ni kitu kingine: gia 7, klachi mbili kavu (hazizami kwenye mafuta), mota ya umeme imefungwa humo humo, na kompyuta ndiyo inayofanya kazi ya mguu wako. Ilianza kuuzwa Japani Septemba 2013. Februari 2014 Honda ikaita zaidi ya magari 81,000 ya hybrid yarudishwe kurekebishwa, Fit na modeli yake nyingine, Vezel, kwa sababu ya programu inayoongoza giaboksi: gia ya kwanza ingeweza kuchelewa kuingia, au ikatae na gari lisiondoke. Kufikia Oktoba mwaka huo Fit Hybrid ilikuwa imeitwa mara tano, ingawa si zote zilikuwa za giaboksi.

Kule Japani kazi hiyo hufanywa bure. Ila barua hupelekewa mwenye gari wa kule. Gari likishapanda meli bila kufanyiwa kazi, linateremka Mombasa na deni lake, na wewe mnunuzi hakuna atakayekutafuta.

Kwa hiyo omba namba ya chesisi nzima. Ya Fit hii huanza na GP5, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Usihangaike na tovuti za Marekani, zinataka namba ya herufi na tarakimu 17 na hii zitaikataa. Nenda tovuti ya Honda ya Japani, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa, uiingize hapo. Maandishi ni ya Kijapani lakini simu inatafsiri vizuri tu. Utaona gari lako linahusika na wito upi, na kama kazi imefanyika.

Gari la kwanza nililolipenda lilikuwa kwenye yadi moja Mombasa. Muuzaji alinipa tarakimu za mwisho tu za namba ya chesisi, mpaka nilipoinama kuisoma mwenyewe. Kazi moja ya giaboksi ilikuwa bado. Nikamwonyesha. "Ami, hayo ni mambo ya kompyuta tu, fundi yeyote anafuta." Hapana! Mashine ya fundi inafuta taa ya onyo kwenye dashibodi. Haiweki programu mpya ndani ya giaboksi. Hivi ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na wanaouza magari wanapaswa kulijua hilo. Nikaondoka.

Hili la sasa nililipata kwa mwalimu mmoja wa Ngala. Tulifungua mlango wa dereva, fundi wangu akamulika tochi kwenye nguzo, pale karibu na chuma ambacho komeo la mlango hushika. Kulikuwa na vibandiko vidogo, kila kimoja "No." na tarakimu zake. Hivyo hubandikwa Japani kazi ya wito ikishamalizika. Gari lililopigwa rangi upya linaweza kuvipoteza, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi. Tovuti ndiyo inayoamua. Yetu ilikubaliana na vibandiko. Ukurasa huo huo huonyesha pia wito wa mifuko ya hewa, na kwa Fit za zamani tafadhali usiupite, kwa sababu ile iliyotengenezwa na kampuni ya Takata imeua watu.

Halafu tukaliendesha hadi Gede na kurudi, likapata moto sawasawa. Fundi alitaka kuona linavyoondoka kutoka kusimama kabisa, na linavyorudi nyuma kwenye kimlima, giaboksi ikiwa ya moto. Gari likiwa baridi asubuhi kwenye uwanja wa muuzaji halikuambii kitu.

Tangu hapo gia zinaingia laini. Kwenye msongamano wa sokoni siliachi litambae nusu hatua nusu hatua. Nasubiri nafasi ifunguke ndipo niondoke, kwani klachi kavu hazipendi joto. Na kila ninapolipeleka gereji namwambia fundi mapema kwamba hii si CVT, asije akaimiminia mafuta ya CVT kwa mazoea.